Mbio na Vitabu: Habari za Wanafunzi Wawili wa Bariadi



Sisi wawili tu wanafunzi wa chuo cha Biblia, nasi tumezaliwa katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu. Mara nyingi twaulizwa swali moja na wazee wa kanisa, na walimu wa shule, hata na mama zetu: Yawezekanaje mtu asomee kazi ya Mungu, na huku akikimbia mbio barabarani kama kijana asiye na shughuli? Wengine hutuuliza kwa mapenzi, wengine kwa hasira. Tumeona yafaa tuwajibu wote pamoja katika kurasa hizi, wala hatutaficha makosa yetu, maana habari iliyofichwa nusu haimfundishi mtu.

Tutasema "sisi" tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa kosa la mmoja lilikuwa kosa la wote wawili. Panapohitajika kupambanua, tutasema "yule mwepesi" na "yule mzito", kwani ndivyo wenzetu chuoni walivyotuita.

Watoto wa kwetu huanza mbio pasipo kujua kwamba wanakimbia. Nchi yetu ni nchi ya mbuga, yenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa masika. Miji yetu imezungukwa na minyaa, na nje ya minyaa ni pamba, mtama na mahindi. Mtoto hupewa ndama wa kuchunga, kisha ng'ombe. Na ng'ombe akinusa shamba la jirani, mchungaji hana budi kumtangulia mbio, ama sivyo jioni atajibu mbele ya wazee. Tena shule ilikuwa mbali, na kengele haikumngoja mtu. Hivyo tulipofika shule ya sekondari, yule mwepesi alikuwa amekwisha kuwa mkimbiaji, akachaguliwa katika michezo ya UMISSETA, na jina lake likatajwa hata katika vijiji vya mbali. Yule mzito alikimbia vilevile, walakini daima alikuwa wa mwisho, akapenda zaidi kukaa chini ya mkwaju na kitabu.

Hata tulipoitwa kusomea kazi ya Mungu, karo haikutoka mfukoni mwetu wala mwa baba zetu. Kanisa letu dogo la kijijini ndilo lililotupeleka. Mwaka ule pamba ilipokwisha kuuzwa, kila nyumba ilitoa ilichoweza: huyu fedha, huyu kuku, huyu mbuzi. Mjane mmoja mzee, asiye na shamba la pamba, alileta debe la mtama kichwani, akaliweka mbele ya meza ya Bwana, akarudi mahali pake bila kusema neno. Twawaomba mlikumbuke debe lile, maana tutalirudia.

Basi tukaingia chuoni. Kengele ya kuamka hulia saa kumi na moja alfajiri. Baada ya sala kuna masomo hata adhuhuri: Agano la Kale, Agano Jipya, historia ya Kanisa, mafundisho ya imani, na lugha ya Kiyunani. Alasiri tunalima bustani na kufanya usafi, na usiku tunajisomea. Mwenye kuitazama ratiba ile huona kwamba kila saa imekwisha kupewa mwenyewe.

Yule mwepesi alikata shauri kuiba saa. Alitoka saa tisa na nusu usiku, akashika njia ya Lamadi, akakimbia kilometa 10 na kurudi 10, na kengele ilipolia alikuwa akioga. Wiki mbili tatu alijisifu moyoni. Lakini mwili hausahau deni. Ilipofika saa nne asubuhi, katika somo la Kiyunani, kichwa chake kilikuwa kikianguka mbele kama suke la mtama lililokomaa. Siku moja mwalimu alimwita kwa jina ili anyambue kitendo, naye akashtuka usingizini, akajibu kwa sauti kuu, "Nimebakiza mzunguko mmoja!" Darasa zima likacheka, na mwalimu pia. Mtihani ulipokuja hapakuwa na mwenye kucheka, kwa maana alipata alama 31 katika 100. Akaonywa kwamba akishindwa mara ya pili atarudishwa nyumbani.

Msidhani kwamba yule mzito alikuwa na hekima zaidi. Yeye naye alikuwa mwizi, ila aliiba upande wa pili. Alisoma hata saa nane za usiku kwa taa ndogo, hakulima bustani kwa moyo, hakutembea, hakucheza. Alama zake zilikuwa nzuri. Walakini mwaka haukwisha akaanza kuumwa kichwa kila siku; akipanda kilima kidogo, moyo ulimdunda; na mwenzake alipomwambia, "Njoo tukimbie hata kidogo," alimjibu kwa maneno ya Mtume Paulo katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 8, kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Mzee mmoja wa kanisa alitupa mstari uleule, akiuelekeza hasa kwa yule mwepesi. Basi tukaishi katika chumba kimoja kama watu wenye shauri mahakamani, kila mmoja akijiona kuwa ndiye mwenye haki.

Tukiwa katika hali hiyo lilitokea jambo ambalo hatulisahau.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, tukapata simu kutoka kijijini: yule mjane wa debe la mtama ni mgonjwa sana, naye anawataka "watoto wa kanisa" waje. Mchungaji alikuwa safarini. Mkuu wa chuo akaturuhusu. Tukatafuta pikipiki, mwendeshaji akaenda nasi mwendo mfupi, magurudumu yakajaa udongo mweusi yasizunguke tena, akatuambia, "Ndugu zangu, hapa hata trekta italala." Kilikuwa kimebaki kilometa 14.

Yule mwepesi alivua viatu, akavifunga kiunoni, akaondoka mbio. Alivuka kijito maji yakiwa magotini, na saa nne na nusu alikuwa amesimama mlangoni mwa yule bibi, amejaa tope hata kichwani, akisema, "Mwangaluka, bibi." Watu wa nyumba walistaajabu kwamba mtu aweza kufika upesi kiasi kile.

Bibi alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, pumzi yake fupi, lakini akili zake timamu. Akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, nina neno moja tu. Mume wangu alikufa zamani, kabla Neno halijafika katika nyumba yetu. Hakubatizwa. Alikuwa mtu mwema. Kisima kile mnachokinywea alikichimba yeye. Mimi nakwenda kwa Yesu. Je, yeye nitamwona?"

Yule mwepesi akafungua kinywa. Kwanza alitaka kusema neno gumu alilolisikia kwa mhubiri mmoja sokoni, likamkwama kooni. Kisha alitaka kusema neno laini la kumfurahisha. Akaona kwamba hajui kama ni kweli. Alijua kwamba jambo lile lilifundishwa darasani katika mafundisho ya imani, majuma machache nyuma. Alikuwapo siku ile. Alikuwa amelala.

Akanyamaza. Bibi akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Pumzika kwanza, mwanangu. Umekimbia sana."

Neno lile lilimchoma kuliko matusi. Akatoka nje, akachota maji kisimani, akapasua kuni, akakaa kizingitini akitazama njia.

Yule mzito alikuwa njiani. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama akishika mbavu. Alipofika kijitoni, maji yalikuwa yamekwisha kupanda hata kifua cha mtu, akangoja saa tatu yapungue. Mara mbili alifikiri kurudi. Alifika saa kumi alasiri, hana nguvu ya kusimama. Bibi alikuwa bado hai, ila sauti yake ilikuwa kama mnong'ono. Akaulizwa swali lile lile. Akakaa chini sakafuni karibu na kitanda, akafungua Biblia yake iliyolowa, akamsomea katika Mwanzo sura ya 18, jinsi Ibrahimu alivyosimama mbele za Mungu akimwombea mji, akamtumaini Mhukumu wa ulimwengu wote kwamba hatendi isivyo haki. Akamsomea tena katika Injili ya Yohana, sura ya 11, jinsi Bwana alivyolia machozi kaburini kwa rafiki yake. Kisha akamwambia, "Bibi, siri ya mume wako siijui, wala mwalimu wangu haijui. Lakini aijuaye ni yule aliyelia kaburini. Mume wako yuko mikononi mwa nani? Mwa huyo. Na wewe unakwenda kwa nani? Kwa huyo huyo."

Bibi akafumba macho. Baada ya kitambo akasema, "Yatosha." Tukaomba pamoja. Usiku ule, kabla jogoo hajawika, akafa.

Tulimzika siku ya Jumamosi. Tulipokuwa tukirudi, njia nzima hatukusema kitu, maana kila mmoja alikuwa akifanya hesabu yake. Mmoja alijua kwamba alifika saa tano na nusu mbele ya mwenzake, naye hakuwa na neno. Mwingine alijua kwamba alikuwa na neno, na kwamba kama bibi angaliishi saa chache pungufu, angalilileta kwa maiti.

Tukamweleza mwalimu wetu wa Agano la Kale. Hakutukemea. Akatufungulia kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 18, akatuacha tusome. Mwaikumbuka habari ile: Absalomu ameuawa vitani, na Yoabu anamtuma Mkushi kumpelekea mfalme Daudi habari. Ahimaasi mwana wa Sadoki anaomba naye apige mbio. Yoabu anamwuliza mbona anataka kukimbia hali hana habari ya kumpatia faida. Yeye anashikilia tu, hata anaachiwa. Akashika njia ya bondeni, akampita Mkushi, akafika wa kwanza. Mlinzi aliutambua mwendo wake kwa mbali, kama watu wa kwetu walivyoutambua mwendo wa yule mwepesi. Lakini mfalme alipomwuliza juu ya kijana Absalomu, alijibu kwamba aliona kishindo kikubwa asijue maana yake. Akaambiwa akae kando, asimame pale. Hapo ndipo Mkushi alipofika, naye ndiye aliyekuwa na habari.

Mara nyingi tulikuwa tumeisoma sura ile kama habari ya vita. Siku ile tuliisoma kama habari yetu. Nasi tukaona jambo moja, ambalo ndilo tunalotaka kuwaambieni: mjumbe wa Mungu anahitaji vitu viwili, miguu na habari. Mwenye miguu bila habari atafika na kuwekwa kando. Mwenye habari bila miguu yuko hatarini kufika watu wamekwisha kuzika.

Basi tukaanza upya, tukauchukua ule mstari wa Timotheo tuliokuwa tukipigania, tukausoma katika Kiyunani. Neno la mazoezi ni gumnasia. Mtume hakusema kwamba hayana faida. Alisema faida yake ni kidogo, akiyalinganisha na utauwa, ambao una ahadi ya uzima wa sasa na ya ule utakaokuja. Kidogo si hakuna. Chumvi katika mboga ni kidogo, walakini aliyeisahau chumvi hujulikana mezani.

Tukaendelea katika Wakorintho wa kwanza, sura ya 9, mstari wa 24 hata wa 27. Hapo Paulo asema habari za wapigao mbio katika stadion, yaani uwanja wa mbio. Na neno hilohilo lilikuwa jina la kipimo, kama mita 180 na zaidi kidogo. Karibu na Korintho palikuwa na mashindano makubwa ya Isthmia, yaliyofanywa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani lililonyauka upesi. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, kama tusomavyo katika Matendo sura ya 18. Watu aliowaandikia walikuwa wamewaona wakimbiaji kwa macho yao. Na katika mstari wa mwisho, anaposema jinsi anavyoutesa mwili wake, neno alilotumia maana yake ya asili ni kumpiga mtu ngumi chini ya jicho. Naye aeleza sababu: asije akawahubiri wengine, kisha mwenyewe akakataliwa. Yule mwepesi aliposoma hayo alisema, "Mimi niliutesa mwili wangu kweli, lakini sikuutawala, ulinitawala kwa usingizi." Na yule mzito akasema, "Nami sikuutesa wala sikuutawala, niliusahau."

Wako waliotangulia katika njia hii. Mmoja ni Eric Liddell, mtoto wa wamisionari wa Scotland, aliyezaliwa China mwaka 1902. Mwaka 1924, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mbio za mchujo ziliangukia siku ya Jumapili. Akajizoeza mita 400, ambazo hazikuwa mbio zake hasa, akashinda kwa sekunde 47.6. Watu wengi huishia hapo katika kumsimulia. Sisi twapenda zaidi mwaka uliofuata. Mwaka ule alikuwa Edinburgh akisoma theolojia, akihubiri kwa vijana katika miji mingi, na bado akikimbia. Mwaka 1925, jina lake lilipokuwa kubwa kuliko wakati wote, aliondoka kwenda China kuwa mwalimu wa shule. Aliwekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1932, akafa katika kambi ya kuwazuilia raia ya Weihsien mwezi wa Februari 1945. Hakuyachukia mbio, wala hakuyaabudu. Aliyatumia, na saa ilipofika akayaweka chini.

Hata katika nchi yetu tunao wa kutufundisha. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita katika mkoa jirani wa Mara, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla dunia haijamjua. Akaja kupata nishani ya fedha katika mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. John Stephen Akhwari, katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, watu wengi wamekwisha kuondoka. Alitumwa kumaliza, akamaliza. Na mwezi wa Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na mtu wa pili akaandikiwa wakati uleule; hata picha ilihitajiwa kumpambanua mshindi. Miaka minane nyuma, mwaka 2017, alikuwa wa tatu huko London. Mwanafunzi aliyekata tamaa kwa sababu ya mtihani mmoja na ahesabu miaka hiyo minane.

Nasi tukajiwekea kanuni, ambazo twaziandika hapa kwa faida ya vijana na walimu wao:

1. Hatuibi saa. Tulimwendea mkuu wa chuo kwa uwazi, naye akaturuhusu kukimbia siku nne katika juma, dakika 50 kabla ya sala ya asubuhi. Anayeamka mapema sharti alale mapema. Saa nne ya usiku taa yetu imezimwa.

2. Twakimbia pamoja. Yule mwepesi humngoja mwenzake siku mbili. Siku mbili nyingine huenda kwa nguvu zake zote. Jioni yule mzito humngoja mwenzake katika Kiyunani. Kungojana huku kumetufundisha uchungaji kuliko hotuba nyingi.

3. Twachukua somo njiani. Luo, lueis, luei, hatua tatu. Luomen, luete, luousi, hatua tatu. Wachungaji wa ng'ombe wanaotusikia hudhani ni wimbo wa ngoma. Kichwa kilichokataa maneno yale darasani kiliyapokea barabarani.

4. Majuma mawili kabla ya mtihani twapunguza mbio, wala hatuziachi kabisa. Na juma la mashindano hatulifanyi kisingizio cha kukosa darasa.

5. Twakula kilicho mezani kwa shukrani. Ugali wa mtama, mlenda, maharage na michembe vimewalea wakimbiaji tangu zamani. Kijana asiseme kwamba hana chakula cha wanamichezo.

6. Siku ya Bwana ni ya Bwana.

Kanuni hii ya sita ilijaribiwa. Mwaka uliofuata yule mwepesi alialikwa katika mbio zenye zawadi ya fedha, nazo zilifanywa Jumapili. Jumapili ile ilikuwa zamu yake ya kuhubiri katika kanisa dogo la nje ya mji, lenye watu wasiofika thelathini. Zawadi ya kwanza ingalilipa karo ya nusu mwaka, na kijijini mvua ilikuwa imeharibu pamba. Hatutasema kwamba halikumwuma. Usiku wa Jumamosi hakulala, wala yule mzito hakumshauri kitu, maana fedha si zake. Asubuhi akaenda kuhubiri. Aliyeshinda mbio zile alishinda kwa wakati ambao yule mwepesi alikuwa ameukimbia mara nyingi katika mazoezi. Hatumhukumu ndugu yeyote akimbiaye siku hiyo. Kila mtu na dhamiri yake mbele za Bwana wake. Twasema tu kwamba watu wale wachache walikuwa wakimngoja mtu mwenye habari, naye safari hii alikuwa nayo.

Mtasema, je, mambo yamekuwaje? Yule mwepesi alirudia mtihani wa Kiyunani, akapata alama 64. Si nyingi, lakini ni zake, na alikuwa macho. Katika mbio za kilometa 21 zilizofanywa Jumamosi moja alikuwa wa saba. Huenda angalikuwa wa tatu kama angaliacha masomo. Hilo twalijua, nalo ndilo gharama. Yule mzito sasa hukimbia kilometa 10 kwa dakika 62, kichwa hakimwumi tena, na alama zake zimepungua kidogo katika historia ya Kanisa. Hiyo nayo ni gharama. Mtu asiwadanganye kwamba aweza kushika viwili na asipoteze kitu. Hupoteza kidogo huku na kidogo huku, na kinachobaki ni mtu mzima.

Wazazi, mtoto wenu akipenda mbio, msimwite mtoro kabla hamjauliza anakimbilia nini. Walimu, mkiona mwanafunzi anasinzia, mwulizeni alilala saa ngapi kabla hamjamwita mpumbavu. Nanyi mnaopenda vitabu, tokeni nje kabla jua halijachomoza. Mbuga ya Simiyu asubuhi ina mahubiri yake.

Tena tukumbuke kwamba Injili iliingia Usukumani kwa miguu. Huko Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Busega, wamisionari wa CMS walianza kazi mwaka 1888, na mwaka 1909 kazi ile ilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Hapakuwa na lami wala pikipiki. Waliopeleka Neno kutoka mji hata mji walikwenda kwa miguu yao, na walipofika walikuwa na neno la kusema. Leo lami yafika Bariadi, lakini masika yakija, nyumba nyingi za wajane bado ziko ng'ambo ya udongo mweusi.

Tukipita pale kisimani alikochimba yule mume asiyebatizwa, twasimama tukanywa maji. Hatusemi mengi. Kisha twaendelea na mbio, mmoja mbele kidogo, mmoja nyuma kidogo, tukitaja maneno ya Kiyunani.

Tuombeeni, ndugu, nasi twawaombea. Neema ya Bwana iwe pamoja na nyumba zenu zote.

Sisi ndugu zenu katika Kristo,
Wanafunzi wawili wa Bariadi